Maua Yaliyobaki Kwenye Bahasha

Baada ya arobaini ya baba mdogo tulikaa sebuleni kwa mama mdogo kugawana picha. Baba mdogo alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja mkoani Tanga, na alikuwa na kamera yake mwenyewe. Miaka ya themanini mwalimu mwenye kamera alikuwa mtu wa kuombwaombwa: harusi yeye, mahafali yeye, msiba yeye. Kwa hiyo picha zilikuwa nyingi na kila mmoja aliondoka na fungu lake. Aliyemwona bibi yake alimchukua bibi, aliyejiona mwenyewe yuko na kaptura ya shule alijichukua. Mwisho ikabaki bahasha moja ya kaki ambayo hakuna aliyeigombea. Ndani yake mlikuwa na picha 34 za maua. Maua matupu, bila mtu hata mmoja.

"Hizo si za kutupa tu?" binamu yangu aliuliza. Nikaichukua bahasha, zaidi kwa kuona haya kuliko kwa kuipenda.

Nilipofika Dar nilizipanga mezani. Nyuma ya picha 33 hakukuwa na neno. Nyuma ya moja kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa baba mdogo mwenyewe: "Mwl. M., hili ndilo ua tulilobishania. Ukishaliangalia rudisha."

Ndugu msomaji, kazi yangu ni gazeti. Kwenye chumba cha habari, picha isiyo na maelezo haina kazi hata iwe nzuri namna gani. Mhariri atakuuliza: huyu nani, hapa wapi, lini, na nani kapiga? Ukikosa majibu, picha inaishia kapuni. Na mimi sasa nilikuwa na picha 34 za marehemu na maelezo ya mstari mmoja. Mstari ule ulinikosesha usingizi. Kumbe walimu wawili, watu wazima na familia zao, walikuwa wakipelekeana picha ya ua na kubishana juu yake? Mambo haya yalianzia wapi? Nikaanza kusoma. Niliyoyakuta yamenifanya niitazame ile bahasha kwa jicho jingine, ndiyo maana nayaleta kwenu.

Kwanza kabisa, maua na majani yalikuwepo tangu siku za mwanzo za upigaji picha. William Henry Fox Talbot, Mwingereza mwenye mali aliyeishi Lacock Abbey, alianza majaribio yake mwaka 1834. Hakuwa mpiga picha wa kazi, maana kazi hiyo haikuwepo bado. Alikuwa msomi wa hisabati, mpenzi mkubwa wa mimea, na mtu asiyejua kuchora. Alichukua karatasi, akaipaka chumvi na dawa yenye madini ya fedha, akalaza jani au ua juu yake, akalibana kwa kioo na kuiweka juani. Palipopigwa na jua pakawa peusi, palipofunikwa na ua pakabaki peupe. Hapakuwa na lenzi wala kamera katika picha za namna hiyo, ni ua, karatasi na jua tu.

Januari 1839, baada ya kusikia kwamba Daguerre wa Paris ametangaza uvumbuzi wake, Talbot naye alitoa picha zake hadharani mjini London. Kisha akafanya jambo ambalo wapenda picha wamekuwa wakilifanya mpaka leo, yaani akawatumia marafiki. Antonio Bertoloni, mtaalamu wa mimea wa Bologna kule Italia, alipelekewa picha za mimea kwa posta. Picha hizo zilihifadhiwa katika albamu, na albamu hiyo ilinunuliwa mwaka 1936 na jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Kama Talbot angezifungia Lacock, labda zingeishia huko huko.

Mwingine aliyepelekewa picha ni William Jackson Hooker, profesa wa mimea wa Glasgow ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa bustani ya Kew. Machi 1839 Talbot alimwandikia kumpendekezea washirikiane kutoa kitabu cha mimea ya Uingereza chenye picha za namna ile, nakala 100 kwa kila mmea. Alimtumia pia picha ya ua la jamii ya Campanula, lile lenye umbo la kengele. Hooker alijibu kistaarabu lakini bila kumung'unya maneno. Kwa kuitazama kwa jumla, alisema, picha inapendeza, ila haionyeshi ua lilivyotuna, haionyeshi kile kikombe cha majani kinacholibeba ua, wala mishipa ya majani haionekani sawasawa.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Uvumbuzi haujamaliza nusu mwaka tangu utangazwe, na tayari watu wawili wanabishana kuhusu picha ya ua! Tena Hooker alikuwa na haki. Picha ya kivuli inaonyesha umbo la nje tu. Mtu anayetaka kulitambua ua anataka kuona ndani yake. Kile kitabu hakikutoka.

Kitabu cha namna hiyo kilikuja kutengenezwa na mwanamke, na hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi. Anna Atkins alizaliwa Tonbridge mwaka 1799. Baba yake, John George Children, alikuwa mwanasayansi aliyefanya kazi British Museum, na Talbot na John Herschel walikuwa watu wanaofahamiana na familia hiyo. Mwaka 1842 Herschel alitangaza njia mpya ya kutengeneza picha kwa chumvi mbili za chuma. Karatasi inapakwa dawa, inawekwa juani, inaoshwa kwa maji ya kawaida, basi. Panapopigwa na jua panakuwa bluu iliyokolea, na penye mmea panabaki peupe. Ni njia ile ile ambayo baadaye wahandisi waliitumia kunakili michoro ya majengo na mashine. Mwaka huo huo Herschel alieleza pia majaribio yake ya kukamua maji ya maua na kuyapaka kwenye karatasi ili jua liyapaushe na kuacha sura. Yaani picha iliyotengenezwa kwa ua lenyewe! Ila njia hiyo ilihitaji siku nyingi za jua na picha zake hazikudumu.

Atkins alichukua ile njia ya bluu. Mwaka 1841 mtaalamu William Harvey alikuwa ametoa kitabu cha mwani wa Uingereza kisichokuwa na picha. Atkins akaamua kukipatia picha. Oktoba 1843 alianza kutoa sehemu ya kwanza, akamaliza mwaka 1853, miaka kumi, karibu kurasa 400 za picha kwa kila nakala iliyokamilika. Kila ukurasa ulitengenezwa kwa mkono. Hata maandishi hakuyapeleka kiwandani kuchapwa; aliyaandika kwa mwandiko wake na kuyapiga jua pamoja na mmea. Hakuviuza vitabu hivyo dukani. Aliwagawia marafiki na taasisi, sehemu baada ya sehemu, na kila aliyepokea alitakiwa kuzishona mwenyewe. Talbot alipata, Herschel alipata, Royal Society walipata. Nakala zinazojulikana leo ni zaidi ya kumi, na hazifanani kabisa, kwa sababu kila rafiki alishona kivyake.

Mtasema mwani si maua. Ni kweli. Lakini baba yake alipofariki Januari 1852, Atkins alivunjika moyo sana. Rafiki yake tangu utotoni, Anne Dixon, alikwenda kukaa naye, na wale wanawake wawili wakaanza kutengeneza picha pamoja. Mwaka 1853 ikatoka albamu ya kangaga, na mwaka 1854 albamu ya mimea itoayo maua na kangaga, ya Uingereza na ya nchi za nje. Baadhi ya mimea ina maandishi yanayosema ilitoka Jamaica au Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Mume wa Atkins alikuwa mfanyabiashara wa biashara ya West Indies, na tunajua biashara hiyo ilijengwa juu ya migongo ya watu gani. Kwa hiyo picha nzuri ya jani kutoka Jamaica ina historia ndefu kuliko jani lenyewe. Usingeijua historia hiyo kama jina la Jamaica lisingeandikwa pembeni.

Lakini Atkins, aliyekuwa mwangalifu wa kuandika jina la kila mmea, jina lake mwenyewe hakuliandika kwa ukamilifu. Katika kitabu cha mwani aliweka "A.A." tu. Alifariki mwaka 1871. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mskochi mmoja mkusanyaji, William Lang, alipata nakala, akatazama zile herufi mbili na kukisia kwamba maana yake ni "anonymous amateur", yaani mtu wa ridhaa asiyejulikana. Jamani! Miaka kumi ya kazi ya mikono, na watu wanadhani herufi za jina lako maana yake ni "hajulikani". Ilichukua hadi miaka ya 1970 kwa mwanahistoria Larry Schaaf kuirudisha habari yake mbele za watu kwa ukamilifu. Na ingewezekanaje? Kwa sababu nakala zilikuwa zimegawiwa. Zilikuwa zimekaa kwenye maktaba mbalimbali zikisubiri.

Tuendelee. Kadiri kamera zilivyoongezeka, kugawana picha kukawa na utaratibu. Mwaka 1853 ilianzishwa London jumuiya ya wapiga picha ambayo leo ni Royal Photographic Society. Miaka hiyo hiyo ya 1850 zikatokea klabu ambazo mwanachama alitakiwa atoe nakala za picha yake kwa wenzake, na yeye apokee za kwao. Baadaye kidogo Uingereza zikaja klabu za posta. Utaratibu wake ulikuwa hivi: kasha la picha linazunguka kwa posta kutoka mwanachama mmoja hadi mwingine. Likikufikia unazitazama picha za wenzako, unaandika maoni kwenye daftari lililomo ndani, unatoa picha yako ya zamu iliyopita pamoja na maoni waliyoiandikia wenzako, unaweka mpya, unalipeleka mbele. Mtu wa kijijini ambaye hajawahi kukanyaga London aliweza kuambiwa na watu asiowajua sura kwamba ua lake liko gizani mno au amelikata bua vibaya.

Kwa nini maua yalipendwa na watu wa ridhaa kiasi hicho? Nadhani sababu ya kwanza ni uvumilivu wa ua. Kamera za zamani zilitaka mtu atulie kimya kwa muda, na ua, upepo ukiwa haupo, halikohoi wala halipepesi macho. Sababu ya pili ni kwamba lipo nyumbani. Huhitaji kibali wala nauli. Hili lilionekana wazi mwaka 1907, ndugu wawili wa Lyon, Auguste na Louis Lumière, walipoanza kuuza vioo vya picha za rangi vilivyoitwa Autochrome. Vilitengenezwa kwa chembe ndogo sana za wanga wa viazi mbatata, zilizotiwa rangi ya machungwa, kijani na zambarau, zikatandazwa juu ya kioo. Vioo hivyo vilikuwa vizito kupokea mwanga. Hata kwenye jua zuri ulihitaji sekunde kadhaa. Basi watu wakageukia bustani na vyombo vya maua. Tena kila kioo kilikuwa kimoja tu, hakuna karatasi ya kumpa rafiki. Ukitaka wenzako waone, ni lazima uwakusanye, uzime taa, uirushe picha ukutani. Ndivyo klabu zilivyofanya, jioni nzima watu wamekaa gizani wakitazama waridi la mtu na kulijadili.

Sasa niwape kisa cha mtu aliyefanya kinyume. Charles Jones alikuwa mtunza bustani wa Kiingereza, aliyezaliwa 1866 na kufariki 1959. Kazi yake ya bustani ilijulikana. Mwaka 1905 jarida moja la watunza bustani liliisifu. Picha zake hazikujulikana. Alipiga mboga, matunda na maua, kimoja kimoja, kwa heshima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nyuma ya picha aliandika jina kamili la mmea na herufi "C.J." Kisha akaziweka. Mwaka 1981 mkusanyaji mmoja alizikuta mamia ndani ya sanduku kwenye soko la Bermondsey, London, zinauzwa kama vitu chakavu. Mjukuu wake ndiye aliyesaidia kutambua C.J. ni nani. Na vile vioo vya awali, ambavyo picha zilisafishwa kutoka kwavyo, habari ya familia inasema mzee alivitumia uzeeni kufunikia miche yake isipigwe na baridi!

Nimelifikiria jambo hili sana. Upande mmoja ni masikitiko. Upande mwingine, mtunza bustani kufunika miche kwa kioo chenye picha ya ua si jambo baya hata kidogo. Lakini A.A. na C.J. wote wawili waliacha herufi mbili mbili. Tofauti yao ni kwamba picha za A.A. zilikuwa kwenye mikono ya watu wengi, za C.J. zilikuwa kwenye sanduku moja. Sanduku lile lingepita siku moja kabla au baada, pengine tusingekuwa tunamzungumza.

Na kuna mwalimu mmoja ambaye naamini baba mdogo angempenda. Karl Blossfeldt alifundisha katika shule ya sanaa mjini Berlin. Hakusomea upigaji picha. Kwa kamera za kujitengenezea alipiga vichipukizi, mbegu na maua, akavikuza mara nyingi kuliko ukubwa wake, ili wanafunzi wachore na kujifunza maumbo. Kwa miaka karibu 30 hayo yalikuwa vifaa vya kufundishia tu, kama ramani na chaki. Mwaka 1926 mwenye jumba la sanaa, Karl Nierendorf, akayaonyesha, na mwaka 1928 kikatoka kitabu, Urformen der Kunst. Blossfeldt alikuwa na umri wa miaka 63. Akafariki mwaka 1932, akiwa mashuhuri kwa miaka minne ya mwisho.

Mpaka hapa nimekaa Ulaya tu. Lakini moja ya maua yaliyopigwa picha mno na watu wa ridhaa limetoka kwetu, kwenye milima ile ile ya Tanga alikofundisha baba mdogo. Kiingereza linaitwa African violet. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani wa Tanga, alikuwa amelikuta huko, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa Hanover akaliita Saintpaulia ionantha. Jina la familia ya ofisa likabandikwa kwenye ua ambalo Wasambaa walikuwa wakipishana nalo njiani siku zote.

Mwaka 1927 wauza maua wa Los Angeles walitoa aina kumi mpya, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo wakaunda chama chao Atlanta, Marekani. Kuanzia hapo ua la Usambara likawa la madirishani. Watu wakalikuza kwenye vyungu, wakalipiga picha, wakapelekeana, wakachapa kwenye jarida lao, wakabishana kama rangi hii ni aina mpya au ni ile ile ya jirani. Aina zenye majina sasa ni maelfu. Wakati huo huo, zile za porini kwetu zinategemea misitu inayozidi kupungua. Halafu mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo hata lile jina la ofisa limeshushwa cheo. Maelezo ya picha nayo hubadilika, kwa hiyo mabishano hayaishi.

Ndipo nilipompigia simu mama mdogo. Nikamuuliza, shikamoo mama, huyu Mwalimu M. ni nani?

Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Akaniambia alikuwa mwalimu wa kilimo upande wa Lushoto. Naye alikuwa na kamera. Likizo zikifungwa walikuwa wakipelekeana picha kupitia kwa kondakta wa basi, ndani ya bahasha, na bahasha ikirudi imejaa maneno. Filamu ilikuwa ghali na kusafisha picha ni Tanga mjini, kwa hiyo alikuwa akigombana na mumewe kwamba anamaliza pesa kupiga majani.

"Walikuwa wanabishania nini, mama?"

"Mwenzio alikuwa anasema ua lile limepandwa. Baba yako mdogo anasema limejiotea lenyewe tangu enzi na enzi. Walibishana mpaka mwenzie akahamishwa."

Nikamwomba anisaidie kukumbuka mengine. Tulitumia karibu saa nzima, mimi namweleza picha ilivyo, yeye anasema hilo la nyuma ya nyumba ya mkuu wa shule, hilo la njiani kwenda mtoni. Tumepata mahali pa picha 11. Nimeziandika zote kwa penseli, mahali, na chini yake jina la baba mdogo kwa ukamilifu, si herufi mbili. Kisha nimetengeneza nakala. Moja ya mama mdogo, moja ya binamu yangu yule aliyetaka zitupwe (hakuniomba, nimempa tu), na moja naitafutia anwani ya Mwalimu M., ambaye mama mdogo anaamini yu hai.

Ile picha ya ubishi ilikuwa kwenye bahasha ya baba mdogo. Maana yake Mwalimu M. aliirudisha kama alivyoombwa. Sasa ni zamu yetu kumpelekea tena, atuambie kama bado anashikilia kwamba lilipandwa.

Wewe unayesoma, simu yako ina maua mangapi? Yapi unayajua jina, na umempa nani? Kwa leo niishie hapo.